Tukokotoe presha ya chini kabisa ya bahari: kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu

Nanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa nyambizi tulibishana mpaka watu wakaanza kuvunjiana heshima. Mmoja alisema presha ya chini ya bahari ni kubwa "kwa sababu bahari yenyewe ni kubwa". Mwingine akatupia namba, atmosfia 1,000, akaondoka bila kusema ameitoa wapi. Nimeona nifungue uzi wake peke yake. Tupige hesabu toka sifuri, na mwenye shaka aje na kalamu.

Kuhusu jina: vitabu vya shule vinasema kanieneo, wengine shinikizo, wengine mgandamizo. Mimi nitasema presha, ndilo neno linalonijia haraka. Kwa jina lolote utakaloliita, ni kani iliyogawanywa kwa eneo inakoangukia.

Haya. Chukua mraba wa mita moja kwa mita moja, ulaze kwenye sakafu ya Challenger Deep, shimo refu kuliko yote, ndani ya Mfereji wa Mariana, Pasifiki ya magharibi. Kina chake nitachukua mita 10,935. Vipimo vinapishana kwa makumi ya mita kutegemea nani kapima na kwa chombo gani, tusigombane kwa hilo. Juu ya mraba huo simamisha nguzo ya maji mpaka usoni mwa bahari.

Nguzo hiyo ina mita za ujazo 10,935. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari, yakiwa pale juu, ina kilo 1,025 hivi. Maji yasiyo na chumvi yangekuwa na 1,000. Zidisha, unapata kilo 11,208,375. Ni zaidi ya tani elfu kumi na moja zimekalia eneo la meza ndogo. Hilo ni tungamo, kwa hiyo zidisha tena kwa 9.81 upate kani: nyutoni milioni 110, ukikaza senti ni 109,954,000 na kitu. Eneo letu ni mita moja ya mraba, basi ukigawanya namba haibadiliki. Paskali milioni 110, yaani megapaskali 110, yaani bar 1,100 (bar moja ni paskali 100,000, karibu sawa na atmosfia moja).

Ukitaka kuiona kwa karibu, tazama ukucha wa kidole chako cha shahada. Una eneo la kama sentimita moja ya mraba. Kule chini ukucha huo peke yake ungebebeshwa tani moja na kilo mia moja na ushee.

Hesabu yote ndiyo hiyo. Kanuni ya vitabuni, densiti mara graviti mara kina, ni uzito wa nguzo ya maji tu, na eneo limejifuta lenyewe njiani. Ukiielewa nguzo huna haja ya kukariri kanuni.

Onyo kwa wanaoanza, na mimi nimo. Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii nilipata paskali 109,954. Nilikaa nayo usiku mzima nikijiuliza inakuwaje chini ya bahari kuna presha sawa na ya mtu aliyesimama juu. Kumbe niliandika densiti 1.025 badala ya 1,025, maana kitabu changu kilitoa densiti kwa gramu kwa sentimita ya ujazo na mimi nikaichanganya na mita. Vizio, wakuu. Makosa tisa kati ya kumi kwenye hesabu hii yanatoka kwenye vizio.

Karibuni.

---

Pweza_Mzee

Nakaa mbele kabisa. Hapa kuna watu nitawaita baadaye.

---

Chambo

Mkuu Nanga, umesahau hewa. Juu ya bahari kuna angahewa nayo ina uzito. Mbona hukuiweka?

---

Nanga

Sijaisahau, niliiacha makusudi nione nani ataiulizia. Hewa inayotukalia usawa wa bahari ina paskali 101,325, ndiyo atmosfia moja. Sasa angalia jambo zuri: mita 10 za maji ya bahari ni 1,025 mara 9.81 mara 10, sawa na paskali 100,552. Karibu sawasawa na hewa yote ya juu yetu! Ndiyo maana wazamiaji wana hesabu yao ya kichwani: kila mita 10 ongeza atmosfia moja.

Kwa hiyo kule Challenger Deep hewa ni sehemu moja kwenye elfu na kitu. Uiweke usiiweke, hakuna atakayekushitaki. Lakini mita 10 chini, hewa ni nusu ya jibu! Hapo ukiisahau umekosa kwa mara mbili.

Na hapa watu wengi hupotezana. Kuna presha kamili, ambayo ina hewa ndani yake, na kuna presha ya geji, ambayo inaanza kuhesabu sifuri usoni mwa maji. Geji ya mzamiaji ikisoma bar 3, mwili wake unabanwa na bar 4.

---

Mbizi_Kavu

Hapo kwenye kamili na geji naomba niongezee, mimi nazamia.

Jaza puto hewa juu, lifunge, shuka nalo. Mita 10 ni bar 2, puto linabaki nusu. Mita 30 ni bar 4, linabaki robo. Angalia: kushuka kutoka 0 hadi 10 kumekula nusu nzima, lakini kutoka 30 hadi 40 kunakula kutoka robo hadi sehemu ya tano, kitu kidogo tu. Presha inaongezeka kwa kiasi kile kile kila mita 10, ila ujazo wa hewa haupungui kwa kiasi kile kile. Ni kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662.

Hivyo mita za hatari kwa mapafu ni zile za mwisho karibu na uso. Mtu aliyevuta pumzi kwenye chupa akiwa mita 10, akaibana na kupanda mpaka juu, hewa yake inataka kuwa mara mbili. Mapafu hayana pa kuipeleka. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniambia "mita 10 si kitu, mwalimu". Nikampa puto aliachilie chini, akaliona linavyovimba likipanda. Hakurudia kusema hivyo.

---

Kibwengo

Bado sijakubali hoja ya nguzo. Nikiwa kwenye kisima chembamba cha mita 50 na nikiwa baharini mita 50, si sawa. Baharini maji ya pembeni nayo yananisukuma. Maji mengi, presha nyingi. Akili ya kawaida tu.

---

Nanga

Ndugu Kibwengo, asante, ndiyo hoja iliyoanzisha ugomvi wa juzi.

Mwanahisabati Simon Stevin alilishughulikia jambo hili mwaka 1586, kabla hata Pascal, yule ambaye paskali imeitwa kwa jina lake, hajazaliwa. Vyombo viwili vyenye kina sawa, kimoja chembamba kama mrija na kingine kipana kama ziwa, vina presha sawa kwenye sakafu. Maji ya pembeni yanasukuma kweli, lakini yanasukumwa nayo. Kila nguzo inaegemea jirani yake na jirani anaiegemea kwa nguvu ile ile.

Kama huamini maneno, chukua mpira wa maji unaoona ndani, mrija mrefu. Ncha moja iunganishe na tundu la chini la ndoo yenye maji, ncha nyingine iinue juu pembeni. Kama upana ndio unaoleta presha, ndoo ingeushinda mrija, maji yangepanda kwenye mrija na kumwagika juu. Hayamwagiki. Yanapanda mpaka usawa wa maji ya ndoo yanasimama hapo. Mafundi wanatumia mrija wa namna hiyo kupata usawa wa ukuta kila siku.

(Kisima chako kina maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo kweli presha itapungua kidogo kuliko baharini. Asilimia mbili na nusu. Ni kwa ajili ya chumvi, upana haumo.)

---

Kibwengo

Mrija wa mafundi naujua. Sawa, nimenyamaza kwa hilo. Kwa hilo tu.

---

Siti_wa_Namba

Mimi nilifundishwa kwa chupa yenye matundu matatu: la juu, la kati na la chini. Mwalimu akasema la chini linarusha maji mbali kuliko yote kwa sababu presha ni kubwa. Nimejaribu nyumbani na mwanangu, la kati ndilo lililorusha mbali! Mwanangu kanitazama kama tapeli. Presha imeharibika au mimi?

---

Nanga

Dada Siti, umenifurahisha. Mwanao ana macho, na mchoro wa chupa hiyo umekosewa kwenye vitabu vingi.

Tundu la chini linatoa maji kwa kasi kubwa kuliko yote, hilo ni kweli kabisa. Lakini umbali yanapoangukia unategemea na muda yanaokaa hewani, na maji ya tundu la chini yanagonga meza kabla hayajafika popote. Tuseme maji yana kimo cha sentimita 20 na chupa imekaa juu ya meza. Tundu lililo sentimita 5 chini ya uso wa maji litarusha sentimita 17 hivi. La sentimita 10, katikati, litarusha 20. La sentimita 15 litarusha 17 tena, sawasawa na la juu! Msuguano utapunguza kidogo, lakini mpangilio utakuwa huo.

Ukitaka la chini lishinde, weka chupa juu ya kiti kirefu ili maji yaanguke mbali zaidi chini. Mfanyie mwanao yote mawili, heshima itarudi.

---

Siti_wa_Namba

Tumefanya. Imerudi nusu.

---

Desibar

Mkuu Nanga, uzi mzuri ila kuna kitu umekipitisha chini ya meza. Umetumia 1,025 toka juu mpaka mita 10,935, kana kwamba maji hayabanwi. Yanabanwa. Kidogo, lakini umeweka bar elfu moja juu yake. Tovuti nyingi zinarudia 1,086 kwa Challenger Deep, wewe umepata 1,100, na naona nyote mko chini ya ukweli.

---

Nanga

Nilikuwa namsubiri mtu kama wewe. Twende, maana hapa ndipo palipo na utamu.

Kubanika kwa maji kunapimwa kwa namba inayosema inahitajika presha kiasi gani kuyabana. Kwa maji ya bahari ni kama gigapaskali 2.2 pale juu, na yakishabanwa yanazidi kuwa magumu, namba inapanda. Nitachukua 2.3 iwe ya kufanyia kazi. Maana yake megapaskali 110 ikigawanywa kwa megapaskali 2,300 inatoa 0.048. Maji ya sakafuni yamebanwa kwa karibu asilimia 5 kwa hesabu hii nyepesi. Kwa sababu ule ugumu unaongezeka, ukweli ni pungufu kidogo: densiti kule chini ni kama kilo 1,075 kwa mita ya ujazo.

Lakini si nguzo nzima iliyobanwa hivyo. Maji ya juu hayajabanwa, ya chini yamebanwa sana, katikati ni nusu nusu. Kwa hiyo kwa nguzo nzima chukua nusu ya asilimia hiyo.

Utaratibu wangu basi: piga densiti mara graviti mara kina kama kawaida. Jibu hilo ligawanye kwa mara mbili ya 2,300, yaani 4,600, ikiwa unatumia megapaskali. Sehemu hiyo iongeze kwenye jibu.

Na tukishaanza kukaza, tukaze vyote. Sehemu kubwa ya bahari ya kina ni baridi, karibu na nyuzi sifuri, na maji baridi ni mazito kidogo, kwa hiyo 1,028 ni bora kuliko 1,025. Graviti nayo si 9.81 kila mahali. Kwenye ikweta usawa wa bahari ni 9.780, kwenye ncha za dunia 9.832. Challenger Deep iko nyuzi 11 kaskazini, karibu na ikweta, kwa hiyo 9.782 pale juu. Kisha, cha ajabu, inaongezeka kidogo ukishuka, maana unasogelea miamba mizito huku ukiacha juu maji mepesi. Wastani wa nguzo nzima ni 9.794.

1,028 mara 9.794 mara 10,935 ni megapaskali 110.1. Gawanya kwa 4,600, unapata 0.0239. Ongeza asilimia 2.39: megapaskali 112.7. Weka na hewa, 112.8. Yaani bar 1,128 hivi, msinishike shati kwa bar mbili tatu.

---

Kibwengo

Huo ujanja wa "chukua nusu" unanuka. Umejuaje kuwa unafanya kazi? Unaweza kuwa umejitungia.

---

Nanga

Swali la haki. Njia nzuri ya kukagua ni kutafuta namba ya watu wengine waliofanya kazi kwa makini kuliko mimi.

Wanabahari wana mlinganyo wao mrefu, wa UNESCO, ambao Fofonoff na Millard waliuchapisha mwaka 1983 pamoja na namba za kukagulia, ili mtu akiandika programu yake ajue kama amekosea. Namba mojawapo inasema: kwenye latitudo 30, presha ya desibar 10,000 iko kwenye kina cha mita 9,712.653. Desibar ni moja ya kumi ya bar, kwa hiyo desibar 10,000 ni megapaskali 100 kamili, bila hewa.

Haya, mita 9,712.65 kwa njia yangu, graviti 9.80. 1,028 mara 9.80 mara 9,712.65 ni megapaskali 97.85. Bila kurekebisha nimekosa kwa zaidi ya asilimia 2. Sasa rekebisha: 97.85 kwa 4,600 ni 0.0213. Ongeza. 99.93.

Wao 100, mimi 99.93. Kwa kalamu na simu.

---

Kibwengo

Nimepiga mwenyewe. 99.93. Nimetoka kimya kimya.

---

Desibar

Hapo nakubali. Kwa kazi rasmi siku hizi mlinganyo wa 1983 umeachia nafasi TEOS-10, mlinganyo mpya ulioanza kutumika rasmi 2010, lakini kwa karatasi na kalamu njia ya nusu inatosha kabisa.

Niseme kingine ambacho wengi hawakijui. Baharini kazi inaenda kinyume na mnavyofanya hapa. Hakuna anayeshusha kamba ya kilomita 10 akahesabu mita. Chombo kinapima *presha*, kisha kina ndicho kinachokokotolewa. Ndiyo maana tunatumia desibar: moja ya kumi ya bar, na karibu kila mita ni desibar moja. Unasoma skrini kama unasoma mita. Ila si sawasawa. Kwenye mita 3,000 skrini inasoma kama desibar 3,040, na pengo linazidi kadiri unavyoshuka. Kule Challenger Deep ni zaidi ya 300.

Niliwahi kufanya kazi kwenye meli ya utafiti, na kuna mchezo hufanywa kila safari. Unachukua kikombe cheupe cha povu, kile chepesi cha kunywea kahawa. Unakichora kwa kalamu ya wino usiofutika, jina, samaki, chochote. Ndani unakijaza karatasi laini kisipinde. Unakitia ndani ya soksi, unaifunga kwenye fremu ya chombo, mnashusha. Baada ya saa kadhaa chombo kinarudi juu, maji yanachuruzika, unafungua soksi kwa vidole vinavyouma baridi. Kikombe kimekuwa kama kifuniko cha chupa. Umbo ni lile lile, mdomo wa duara, herufi zote zipo, ila zimekuwa ndogo hata jina lako unalisoma kwa kukunja macho. Na kigumu! Kimekuwa kama plastiki. Hakirudi tena, vijumba vyote vya hewa vimeshapondwa.

Samaki niliyemchora alikuwa na urefu wa kidole. Alirudi dagaa.

---

Jodari

Ahsante Desibar kwa kunifungulia njia. Watu lazima watauliza, basi niwahi: samaki wa kule chini kabisa hawapondeki kama kikombe kwa sababu hawana vijumba vya hewa. Ndani yao ni maji, na maji ya ndani yana presha ile ile ya nje. Hakuna tofauti, hakuna kuponda. Kinachoponda ni *tofauti* ya presha kati ya pande mbili za ukuta.

Lakini msidhani wanaishi raha mustarehe. Bar mia nane zinabana hata molekuli, protini zinakunjika vibaya. Samaki wa kina kirefu wanajaza miilini kemikali iitwayo TMAO inayozilinda protini hizo, na kadiri wanavyoishi chini zaidi ndivyo walivyo nayo nyingi zaidi. Samaki wa chini zaidi aliyewahi kurekodiwa kwenye kamera alionekana mwaka 2022, mita 8,336, kwenye Mfereji wa Izu-Ogasawara kusini mwa Japani. Mdogo, mlaini kama uji, wa jamii ya Pseudoliparis. Fundi Nanga tupe presha yake.

---

Nanga

1,028 mara 9.80 mara 8,336: megapaskali 83.98. Kwa 4,600 ni asilimia 1.83. Megapaskali 85.5. Bar 855 juu ya samaki mlaini kama uji.

---

Pweza_Mzee

Sasa naomba ya vyombo. Watu waliofika chini, walikalia nini?

---

Mbizi_Kavu

Trieste ndiyo ya kwanza. Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka mpaka sakafu ya Challenger Deep. Walikaa ndani ya tufe la chuma lenye kipenyo cha mita 2.16 nje, kuta zenye unene wa sentimita 12.7. Kushuka kulichukua zaidi ya saa nne na nusu. Walipopita mita 9,000 kidirisha cha nje cha plastiki kikapasuka, chombo kizima kikatikisika. Wakaendelea kushuka! Chini walikaa kama dakika 20.

Juu ya tufe kulikuwa na tangi kubwa la petroli la kuwaelesha, na tangi lile lilikuwa na kuta nyembamba tu. Halikuhitaji unene kwa sababu chini yake lilikuwa wazi, maji yanaingia, presha ya ndani na nje inalingana. Ni jambo lile lile la samaki wa Jodari.

---

Nanga

Tulipige tufe hilo. Eneo lake la nje ni pai mara kipenyo kipeo cha pili, mita za mraba 14.66. Zidisha kwa megapaskali 112.7. Unapata nyutoni bilioni 1.65, uzito wa tani 168,000, zimewazunguka watu wawili waliokaa magoti kwa magoti.

Chuma chenyewe kinahisi nini? Kwa kanuni nyepesi ya tufe, zidisha presha kwa nusu-kipenyo cha katikati ya ukuta, gawanya kwa mara mbili ya unene. 112.7 mara 1.0165, gawanya kwa 0.254: megapaskali 451. Na kwa kuta nene namna ile, kanuni hii inapunguza ukweli. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kulegea kwenye 250 hivi. Kwa hiyo hawakutumia chuma cha kawaida.

Na kama ungetengeneza pipa badala ya tufe, kwa upana ule ule na unene ule ule, ile "mara mbili" chini ya mstari inaondoka. Mkazo kwenye ukuta unaruka hadi zaidi ya 900. Ndiyo maana James Cameron mwaka 2012 na Victor Vescovo 2019, walioshuka huko huko Challenger Deep, wote walikaa ndani ya tufe. Nyambizi za kivita ni mapipa kwa sababu zinahitaji nafasi, na haziendi huko.

---

Chambo

Swali la pembeni. Kama maji yote ya bahari yamebanwa hivi, yasingebanwa uso wa bahari ungekuwa wapi?

---

Nanga

Hili silo nililolitarajia, lakini zana tunazo. Kina cha wastani cha bahari za dunia ni kama mita 3,700. 1,028 mara 9.80 mara 3,700 ni megapaskali 37.3. Kwa 4,600 ni 0.0081. Sehemu hiyo ya mita 3,700 ni mita 30.

Mita 30! Nimeipiga mara mbili kwa sababu sikuiamini. Maji tunayoambiwa darasani "hayabanwi" yamejibana kiasi cha kushusha uso wa bahari kwa urefu wa jengo la ghorofa tisa au kumi.

---

Siti_wa_Namba

Nami nimejaribu peke yangu. Mabaki ya Titanic, mita 3,800. 1,028 mara 9.80 mara 3,800 ni megapaskali 38.28. Nikarekebisha, nikapata 38.92. Nikaongeza hewa, 39.02. Nipo sawa?

---

Nanga

Umegawanya kwa 2,300 badala ya 4,600, dada. Umebana nguzo yote kana kwamba yote iko sakafuni. Rudia hapo tu.

---

Siti_wa_Namba

Naona. 38.28 kwa 4,600 ni asilimia 0.83. Basi 38.60, na hewa 38.70. Sasa nikitaka nguvu kwenye dirisha la duara la sentimita 20 la chombo kilichoshuka huko, nazidisha kwa 38.70?

---

Nanga

Kwa 38.60. Ndani ya chombo kuna hewa ya atmosfia moja, nayo inasukuma dirisha kwa nje. Hewa ya juu ya bahari na hewa ya ndani zinafutana.

---

Siti_wa_Namba

Eneo ni mita za mraba 0.0314. Mara 38.60. Nimepata nyutoni milioni 1.21, uzito wa tani 124 hivi. Mwanangu amepiga kwa simu yake na amepata hizo hizo.